Mto Ulanga ulipewa jina katika sinema, ukanyimwa sauti

Wakazi wa Ifakara wanaujua mto wao kwa majina mawili. Kilombero ndilo jina linaloandikwa katika ramani za leo. Ulanga ni jina la zamani, lililotumiwa katika ramani za Wajerumani, na ambalo limebaki kuwa jina la wilaya yenye makao yake makuu Mahenge. Mto huo hukusanya maji ya milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge na Mbarika upande wa pili, hufurika bondeni kila masika, kisha huungana na mto Luwegu na kuwa Rufiji, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Mwalimu yeyote wa jiografia aweza kuyaeleza hayo bila kufungua kitabu.

Hata hivyo, wako watu wengi sana duniani wanaoujua mto Ulanga kwa sura nyingine kabisa. Wanaujua kutokana na sinema iitwayo The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951 na kuongozwa na John Huston, kwa kufuata hadithi aliyoiandika Mwingereza C. S. Forester mwaka 1935. Katika sinema hiyo mto Ulanga hauendi baharini. Unapita katika maporomoko ya kutisha, unabadilika jina na kuitwa Bora, na unaishia katika ziwa linalolindwa na manowari ya Kijerumani. Mambo yote hayo yanasemekana kutokea mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani katika nchi yetu hii.

Makusudi ya makala haya si kuwasahihisha Waingereza na Wamarekani jiografia. Mtunzi wa hadithi ana haki ya kuuhamisha mto, kama vile mtunzi wa ngano ana haki ya kumfanya sungura aseme. Jambo linalostahili kufikiriwa na watumishi wa umma, walimu na wote wenye dhamana ya utamaduni wa taifa ni jingine, nalo ni muziki wa sinema hiyo. Maana katika sinema ya kuchekesha, hasa ile inayosimulia mambo ya zama zilizopita, muziki si pambo. Muziki ndio unaomwambia mtazamaji acheke wakati gani, na zaidi ya hayo, amcheke nani.

Tuanze na habari za sinema yenyewe. Huko Ulanga hakuna kamera iliyofika. Picha za mto zilipigwa katika Kongo ya Wabelgiji na katika Uganda, na sehemu nyingine zikatengenezwa katika studio za London. Waigizaji wakuu walikuwa Humphrey Bogart, aliyeigiza nahodha mlevi wa mashua chakavu, na Katharine Hepburn, aliyeigiza dada wa mmisionari wa Kiingereza. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Muziki ulitungwa na Allan Gray na kupigwa na orkestra ya Uingereza.

Huyu Allan Gray yafaa tumjue vizuri, kwa sababu si haki kumhukumu mtu bila kumfahamu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Josef Zmigrod. Alizaliwa mwaka 1902 huko Tarnów, mji ulio katika Poland ya leo, akasoma utunzi wa muziki kwa mwalimu mashuhuri Arnold Schoenberg, akafanya kazi Ujerumani, na Manazi walipotwaa madaraka akalazimika kuikimbia nchi hiyo kwa sababu ya Uyahudi wake. Kwa hiyo aliyeutungia mto wetu muziki hakuwa bwana shamba wala gavana. Alikuwa mkimbizi, aliyeonja mwenyewe uchungu wa kudharauliwa kwa sababu ya asili yake. Hilo lapaswa kutufundisha kwamba dharau iliyomo katika kazi ya sanaa haitokani siku zote na roho mbaya ya mtu mmoja. Mara nyingi hutokana na mpangilio wa kazi wenyewe: nani ana orkestra, nani ana kamera, nani anaitwa kutoa sauti yake, na nani anaitwa kujaza nafasi tu.

Sasa tutazame mwanzo wa sinema. Tupo katika kanisa la kijiji kinachoitwa Kungdu, jina ambalo hakuna Mpogoro wala Mndamba anayeweza kulitambua. Mmisionari Samuel Sayer na dada yake Rose wanaongoza wimbo wa kanisa. Dada anapiga kinanda huku jasho likimtiririka, kaka anaimba kwa nguvu zake zote. Mbele yao wamejaa Waafrika, na Waafrika hao wanavurumisha makelele yasiyo na maneno wala lahani. Ni watu wawili tu wanaosikika wakiimba wimbo ulio wimbo. Kisha honi ya mashua inalia mtoni, nahodha anafika, anatupa kipande cha sigara, na waumini wanaanza kukigombania mpaka ibada inavurugika. Watazamaji katika majumba ya sinema ya London na New York walicheka. Hawakulaumiwa, kwani sauti waliyosikia iliwaelekeza kucheka.

Yuko atakayesema kwamba mzaha huo unawagusa hata wamisionari wenyewe, kwa kuwa wao nao wanaonekana kuwa vichekesho, wakijitoa jasho bure katika nchi wasiyoielewa. Hoja hiyo ina ukweli, wala haifai kuipuuza. Lakini tufuate hadithi hatua moja zaidi. Baada ya muda mfupi askari wa Kijerumani wanafika, wanakichoma moto kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Mmisionari anapata pigo, anaugua na kufa. Dada yake anamwomboleza, anazikwa, na sinema nzima inaendelea kusimulia safari ya dada huyo. Na wale wanakijiji je? Hatuwaoni tena. Hatuelezwi walikopelekwa. Hakuna hata ala moja inayowalilia. Walipewa sauti katika dakika ya kuchekwa tu; ilipofika dakika ya msiba, hawakupewa kitu.

Na msiba wenyewe haukuwa wa kubuni. Bonde la Kilombero liliingia katika vita ile likiwa na jeraha bichi. Miaka tisa kabla yake, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji, miongoni mwao Wambunga na Wapogoro, waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge. Walianguka kwa wingi mbele ya bunduki za mzinga. Wakoloni walijibu kwa kuteketeza vyakula mashambani na ghalani, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Watoto walionusurika katika njaa ile ndio waliokuwa vijana mwaka 1914, ndio waliokamatwa kuwa wapagazi, kubeba risasi na chakula cha majeshi ya watu wengine. Mahenge ikawa ngome ya Wajerumani, mpaka majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yalipoiteka mwezi Oktoba 1917. Hapa historia ina kejeli yake: mwaka 1917 askari wa Kongo waliletwa Ulanga kupigana vita isiyo yao, na mwaka 1951 Ulanga nayo ikapelekwa Kongo kupigwa picha isiyo yake.

Je, ni kweli kwamba Waafrika wa wakati ule hawakuwa na muziki wa kuchekesha? Hapa ndipo sinema ile ilipoikosa hazina kubwa iliyokuwa mlangoni pake. Tangu miaka ya 1890 katika miji ya pwani ilizuka ngoma iliyoitwa beni, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Wachezaji walivaa sare, wakapiga gwaride, wakapuliza matarumbeta, na viongozi wao wakajipa vyeo vya Mfalme, Kaiser, Gavana, Jemadari na Admirali. Vyama viwili vilivyoshindana sana vilikuwa Marini na Arinoti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi wa pande zote mbili waliichukua beni wakaieneza bara, kiasi kwamba vita ilipokwisha watawala wa kikoloni waliingiwa na wasiwasi, wakaanza kuchunguza kama huo ulikuwa mchezo tu au ni njama. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia ngoma hiyo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975.

Wataalamu wamebishana kama beni ilikuwa ni kuwaiga wakubwa kwa kuwatamani au ni kuwaiga kwa kuwadhihaki. Mwananchi aliyepata kuona kijana wa kijijini akiigiza mwendo wa bwana mkubwa anajua kuwa mambo hayo mawili huweza kukaa pamoja katika tendo moja. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba wapagazi na askari, waliokuwa chini kabisa katika vita ile, walikuwa na muziki wao wa kuchekesha, na waliutumia kumtazama mtawala kutoka upande wao. Wakati hadithi ya Forester inaandikwa, Waafrika wa Afrika Mashariki walikwisha kumtania Kaiser kwa ngoma na tarumbeta kwa miaka mingi. Sinema ikatuonyesha watu wasioweza kushika lahani ya wimbo mmoja wa kanisa.

Kuhusu huo wimbo wa kanisa, nalo jibu limekwisha kutolewa, na limetolewa na wananchi wenyewe. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea haki ya Waafrika kumwimbia Mungu kwa mapigo na lahani za kwao. Baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, ngoma na kayamba ziliingia makanisani bila kificho. Leo hii katika Jimbo la Ifakara, lililoundwa mwaka 2012, na katika makanisa mengine ya bonde hilo, kwaya hujifunza nyimbo kwa sauti nne, na nyingi za nyimbo hizo zimetungwa na Watanzania. Wajukuu wa wale waliochekwa Kungdu ndio wanaotunga.

Lakini tusijipongeze upesi. Kuulaumu ukoloni ni kazi nyepesi, na wakati mwingine huwa kichaka cha kujificha. Swali gumu linatuhusu sisi. Je, leo hii kijana wa Kitanzania akitaka kutengeneza sinema ya kuchekesha juu ya mambo yaliyotokea Mahenge mwaka 1917, au juu ya ujenzi wa reli ya TAZARA iliyopita Ifakara na Mlimba katika miaka ya 1970, atapata wapi muziki wa bonde hilo?

Sinema ya kuchekesha si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Afrika Kusini, kwa mpango na serikali ya kikoloni, ilitengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali, naye hakuwa mwingine ila hayati Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu. Mwaka 1968 tukaanzisha Kampuni ya Filamu Tanzania. Na katika zama za karibuni marehemu Amri Athumani, tuliyemwita Mzee Majuto, aliwachekesha wananchi kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2018. Vicheko tunavyo tele. Mwaka 2021 Amil Shivji alitutolea Vuta N'kuvute, filamu inayosimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, ingawa hiyo si ya kuchekesha. Kwa hiyo hata uwezo wa kusimulia zama zilizopita tunao.

Kinachopungua ni muziki. Sikiliza filamu nyingi zinazotengenezwa mijini. Mzee anatembea kijijini, nyuma yake kinanda cha kompyuta kinalia kama katika tamthilia ya nchi za mbali. Mtu anateleza topeni, inachomekwa sauti iliyotengenezwa Ulaya au Marekani kwa ajili ya katuni. Vijana wetu hawafanyi hivyo kwa kuwa wanawadharau wazee wao. Wanafanya hivyo kwa sababu sauti hizo zinapatikana kwa urahisi, na sauti ya Ifakara haipatikani. Kwa namna hii kasumba inaendelea hata pale ambapo mwenye kasumba hayupo. Mpangilio uleule wa mwaka 1951 umebaki: jina la mahali ni letu, sura ni zetu, muziki ni wa wengine.

Bonde la Kilombero lina sauti zake. Iko ngoma ya sangula, ambayo mtu wa Ifakara au wa Mahenge huitambua kwa mbali. Ziko nyimbo za kazi, maana katika nchi ya mpunga kila kazi huwa na sauti: kulima, kupalilia, kuvuna, kupura, kutwanga. Wako watoto wanaoamia ndege mashambani kwa kelele, kwa debe na kwa kombeo. Yeyote aliyewasikia kutoka shamba hadi shamba anajua kwamba huo nao ni muziki, na tena ni muziki unaochekesha. Yako mapigo ya kasia na upondo majini, ambayo mvuvi wa Kindamba huyajua kama mwalimu anavyoijua chaki. Yuko sheshe, yule mnyama wa mbugani ambaye zamani bonde hilo lilikuwa makao yake makuu katika Afrika, anayepiga mluzi akishtuka. Na tangu katikati ya miaka ya 1970 iko honi ya treni. Mtunzi mwenye kipaji aweza kutengeneza kwa sauti hizo muziki wa sinema ambao hautafanana na wa mahali pengine popote.

Lakini sauti hizo hazitatungoja. Kivuko cha Kilombero, ambako zamani wasafiri walikaa saa nyingi kungojea pantoni, wakaimba, wakasimuliana na kutaniana, kimepata daraja, lililofunguliwa mwaka 2018. Hiyo ni heri kubwa. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani kurudi kwenye pantoni, hasa akikumbuka ajali ya kivuko ya Januari 2016. Mashine za kukoboa zimeondoa kinu majumbani, nalo ni jambo la kuwashukuria akina mama. Maendeleo hubadili kazi, na kazi ikibadilika wimbo wa kazi hiyo hukosa mwimbaji. Hatuwezi, wala hatupaswi, kuwarudisha akina mama kwenye kinu ili tu wimbo usipotee. Tunaloweza ni kuuhifadhi wimbo kabla ya aliyeuimba hajaondoka. Nao wanaondoka, mmoja mmoja, bila kelele, na hakuna ofisi inayotoa hesabu ya nyimbo zilizozikwa nao.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipokuwa akilihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na akawauliza waliosoma jinsi ilivyotokea kwamba walizijua ngoma za Ulaya wasizijue za kwao. Swali hilo liliwahusu watumishi na walimu wa wakati ule. Zaidi ya miaka sitini imepita, na bado linawahusu waliorithi meza zao.

Kwa hiyo yako mambo ambayo yafaa yafanywe, na mengi kati yake hayahitaji fedha za wafadhili.

La kwanza ni la walimu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililomo katika mitaala iliyoboreshwa, linatoa mlango mpana. Mwalimu wa shule ya msingi au sekondari katika bonde hilo aweza kuwapa wanafunzi wake kazi moja kwa muhula: kila kikundi kimtafute mzee mmoja, kijifunze wimbo mmoja, kiurekodi kwa simu, na kiandike jina la mwimbaji, kijiji, lugha, kazi au sherehe iliyoambatana na wimbo huo, na tarehe. Wimbo uliorekodiwa bila maelezo hayo ni kama faili lisilo na namba. Lipo, lakini halionekani likitafutwa. Shule ishirini zikifanya hivyo kwa miaka mitatu, wilaya itakuwa na hazina ambayo hakuna mtafiti wa kigeni atakayeweza kuikusanya kwa safari moja.

La pili ni la halmashauri. Maafisa utamaduni tunao, lakini mara nyingi kazi yao inaonekana siku ya Mwenge na siku ya kumpokea mgeni rasmi, ambapo vikundi vya ngoma huitwa, hupewa dakika tano juani, kisha huambiwa asante. Kikundi kilichotumbuiza chapaswa kuandikwa katika rejista, nyimbo zake zirekodiwe kikamilifu, na malipo yake yasiwe soda. Tukimtumia msanii kama kapeti la kumtandikia mgeni, tutakuwa hatuna tofauti kubwa na wale waliojaza kanisa la Kungdu kwa watu wa kupiga kelele.

La tatu ni la vyombo vya taifa. Shirika la Utangazaji Tanzania lilirithi maktaba ya kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo mafundi wake walizunguka nchi kurekodi ngoma na bendi. Mwaka 1950 Hugh Tracey naye alipita Tanganyika akirekodi, na kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyopo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Hazina za namna hii zapaswa kuorodheshwa kwa Kiswahili, na watengenezaji wa filamu wa Kitanzania wapewe njia nyepesi na halali ya kuzitumia. Bodi ya Filamu nayo, pamoja na kazi yake ya kukagua, yaweza kuhimiza kwa tuzo filamu ambayo muziki wake umetungwa kutokana na mahali inaposimulia.

La nne ni la mafunzo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimetoa wachezaji na wapigaji hodari. Tunahitaji sasa watunzi wa muziki wa filamu: watu wanaojua kumkalia mhariri pembeni, kuhesabu sekunde, kujua ni wapi ngoma iingie na ni wapi inyamaze. Hiyo ni taaluma kamili. Kupenda ngoma tu hakutoshi, kama vile kupenda wagonjwa hakumfanyi mtu kuwa daktari.

La tano ni la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia kazi za sanaa za jadi. Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu anayechukua wimbo wa kijiji na kuuweka katika kazi ya biashara ana wajibu wa kuomba idhini, kuandika majina ya waliotumbuiza, na kulipa. Tutakuwa tumefanya unafiki tukimshutumu Mzungu kwa kulichukua jina la mto, halafu kijana wa Dar es Salaam achukue wimbo wa bibi wa Mlimba bila kumtaja.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: je, katika nchi ambayo bado ina shule zenye upungufu wa madawati na zahanati zenye upungufu wa dawa, muziki wa sinema za kuchekesha ni jambo la kusumbuliwa nalo? Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza kuchukua fedha za dawa. Kazi iliyotajwa hapa inahitaji simu ambazo tayari ziko mifukoni, madaftari ambayo tayari yako shuleni, na maafisa ambao tayari wanalipwa mishahara. Zaidi ya hayo, filamu ni ajira. Kila dakika ya muziki inayotungwa hapa nchini ni malipo kwa mpigaji, mwimbaji na fundi wa hapa nchini.

Wengine watasema kwamba kumshughulisha mwananchi na sinema ya mwaka 1951 ni kufukua makaburi. Lakini sinema ile haijazikwa. Bado inaonyeshwa, bado inasifiwa, na bado inafundishwa kama kazi bora, na kwa upande wa uigizaji wa wale wawili sifa hizo hazikosi haki. Kila inapoonyeshwa, mto Ulanga unaingia katika nyumba za watu wasiotujua ukiwa na wanakijiji wasiojua kuimba. Kulaani hakutaiondoa. Kuizuia pia hakutasaidia, maana mwalimu hodari aweza kuitumia darasani, akawaonyesha wanafunzi dakika zile za mwanzo na kuwauliza: ni nani anayesikika hapa, na ni nani anayefanywa asisikike? Jibu la kudumu ni kutengeneza kazi yetu itakayosimama kando yake.

Hebu tuifikirie kazi hiyo. Ni mwaka 1917, Wajerumani wanarudi nyuma, Wabelgiji wanakuja, na katika kijiji kimoja cha bondeni wapagazi waliotoroka wameanzisha kikundi cha beni. Mmoja anajiita Kaiser, mwingine Mfalme wa Belgiji, na wote wawili wanadaiana mchele. Majeshi ya kweli yanapita upande huu na ule, na kila jenerali anayefika anakuta kijijini jenerali mwingine, mwenye nishani za vifuniko vya makopo. Tarumbeta za beni zinakutana na sangula. Katikati ya kicheko wanasikika akina mama wakiita majina ya vijana ambao hawajarudi. Hapo mtazamaji wa Ifakara, wa Tabora na wa London atacheka, na atajua anamcheka nani. Na wakati wa msiba ukifika, muziki utabaki na wanakijiji, hautapanda mashua na kuwaacha.

Kazi kama hiyo haitatungwa na mtu wa mbali. Itatungwa na kijana ambaye leo yuko darasani Ifakara, Mang'ula, Mlimba au Malinyi, ikiwa tu atakuta nyimbo za wazee wake zimehifadhiwa mahali anapoweza kuzifikia. Muhula ujao wa masomo wafaa sana kuianza kazi hiyo. Mwalimu asingoje waraka kutoka wizarani, na afisa utamaduni asingoje mgeni rasmi.